Kifaa cha Kutambua Metali na Mchanga wa Pwani

Wengi hapa Malindi huamini kwamba kifaa cha kutambua metali kinachofaa shambani kitafaa vivyo hivyo ufukweni. Kwenye mchanga mkavu mara nyingi ndivyo. Lakini mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo kifaa chenye mawimbi ya aina moja tu hulialia ovyo hata pasipokuwa na kitu, na mtafutaji huchimba bure. Vifaa vya mawimbi mchanganyiko, na vile vya mapigo, yaani vinavyotuma umeme kwa vipigo vifupi vifupi badala ya mawimbi mfululizo, huihimili chumvi vizuri zaidi. Kabla ya kununua, fukia sarafu nusu shubiri kwenye mchanga mkavu, kisha karibu na maji, usikilize mlio. Magofu ya kale, kama ya Gede, yaachwe kabisa: yanalindwa na sheria.