Mhandisi aliyesajiliwa ni nani hasa?

Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia, Newala na Tandahimba kunakuwa na ujenzi kila kona, na kila anayeshika timazi na futi kamba hugeuka injinia. Hilo halinisumbui. Fundi aliyesimamisha nyumba za nusu ya kijiji na hakuna hata moja yenye ufa ana haki ya kuitwa jina lolote analolipenda. Kinachonichosha ni sentensi ninayoisikia kwenye kamati za ujenzi, ziwe za madarasa, za zahanati au za maghala ya vyama vya msingi: "Msiwe na wasiwasi, injinia wetu amesajiliwa, ana TIN na leseni ya biashara."

Maana kwanza, maana haihitaji muda mrefu. Mhandisi aliyesajiliwa ni mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ile tunayoiita ERB, na kwa sababu hiyo sheria inamruhusu kufanya kazi ya kihandisi na kujiita mhandisi. Sheria yenyewe ni Na. 15 ya mwaka 1997. Ilichukua nafasi ya ile ya 1968, kisha ikafanyiwa marekebisho 2007. Zingatia neno mtu hapo juu, kwa sababu ndilo linalopotea kwenye vikao.

TIN inaonyesha kwamba TRA wanakutambua kama mlipakodi, na muuza samaki naye anayo. Leseni ya biashara ya halmashauri inaonyesha umelipa ada na unaruhusiwa kufanya biashara hiyo mahali hapo. BRELA wamesajili jina la biashara yako au kampuni yako ili mwingine asilichukue. Katika ofisi zote hizo hakuna anayekuuliza boriti ya mita sita inahitaji nondo ngapi, na si kazi yao kuuliza.

Mkanganyiko mgumu zaidi ni wa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, maana yenyewe kweli inahusika na ujenzi. Bunge lilitunga sheria tatu mfululizo mwaka ule wa 1997: Na. 15 ya wahandisi, Na. 16 ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, Na. 17 ya makandarasi. Ukisikia jinsi zinavyochanganywa utadhani zilichapwa kwenye karatasi moja. CRB husajili makandarasi na kuwapanga kwa madaraja, la kwanza hadi la saba, kulingana na ukubwa wa kazi wanayoruhusiwa kuchukua. Daraja la kwanza ndilo la juu, na hapo pia nimeshasikia mtu akijisifu kwamba kampuni yake "imepanda hadi la saba".

Cheti cha CRB ni kadi ya gari. Usajili wa ERB ni leseni ya dereva. Gari linaweza kuwa na kadi safi na aliyekaa kwenye usukani hajui breki iko wapi. Trafiki pale Mnazi Mmoja akisimamisha basi la Masasi anataka kuona vyote viwili, na hakuna abiria anayeona ajabu. Kwenye jengo la shule tunaona kimoja kinatosha.

Na tofauti hii inauma mambo yanapoharibika. Kampuni inaweza kufungwa leo, na wenye nayo wakarudi mwakani na jina jipya na mhuri mpya. Mhandisi hana njia hiyo. Jina lake likifutwa kwenye daftari limefutwa, hawezi kwenda BRELA kusajili jina jingine. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya dhana nzima. Shahada inathibitisha ulifaulu mitihani. Usajili unakufanya uwe mtu anayeweza kuitwa, kuhojiwa na kunyang'anywa kazi yake.

Chukua mchanga. Kuanzia Kilwa Masoko, Lindi mjini, Mikindani hadi Msimbati, mchanga wa baharini uko mlangoni na hauna gharama, wakati wa mtoni unaletwa kwa lori. Kuna anayesema uchekeche tu, uoshe kidogo, umwage. Chumvi iliyobaki ndani ya zege huondoa ule ulinzi ambao saruji huipa nondo. Nondo hupata kutu, kutu huvimba kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka kufuata mstari wa nondo, na baada ya miaka kadhaa unaona lenta inameguka vipande juu ya dirisha. Haya fundi mzoefu wa pwani anayajua vizuri kuliko kijana aliyetoka chuo jana, sina ubishi. Lakini lenta ikianza kumeguka fundi yuko Tunduru kwenye kazi nyingine, na hakuna karatasi inayomfuata huko. Mhandisi aliyesaini kwamba mchanga umekaguliwa, nondo zimekaguliwa kabla ya zege kumwagwa, saini yake ipo na namba yake ya usajili ipo.

Kwingine walifika hapa kwa kuumia. Marekani kila jimbo lina bodi yake, na la kwanza kutunga sheria ya namna hii lilikuwa Wyoming, mwaka 1907. Kule ramani za maombi ya maji ya kumwagilia mashamba zilikuwa zinasainiwa na yeyote anayejiita mhandisi, hata wakili, hadi mhandisi wa jimbo, Clarence Johnston, akachoka kuzipokea. Texas ilichelewa miaka 30, na kisa chake ningependa kila mtu wa Mtwara akijue, kwa sababu ni kisa cha gesi. Shule moja katika mji wa New London ilitaka kupunguza gharama za kupasha majengo joto, ikajiunganisha kwenye bomba la gesi ya masalia ya visima vya mafuta. Gesi asilia haina harufu. Ikavuja, ikajaa kwenye uwazi chini ya sakafu, na tarehe 18 Machi 1937 cheche ya mashine ya umeme ya karakana ikailipua. Walikufa takriban watu 300, wengi wao watoto. Mwaka huo huo jimbo likatunga sheria ya usajili wa wahandisi, na likaagiza gesi itiwe kemikali yenye harufu kali ili ikivuja watu waisikie. Sisi tulio jirani na mitambo ya gesi ya Madimba na Songo Songo hatuna sababu ya kusubiri fundisho kama hilo.

Turudi kwenye daftari, maana ndani yake nako kuna ngazi na zinachanganywa. Aliyemaliza shahada ya uhandisi husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Hafanyi kazi kwa kujitegemea bado, anafanya chini ya usimamizi wa aliyemtangulia kwa miaka isiyopungua 3, na bodi ina mpango wake wa mafunzo kwa vitendo kwa ajili ya hawa. Akikamilisha na kuridhisha bodi, anakuwa mhandisi mtaalamu, na huyo ndiye tunayemwongelea muda wote huu. Juu yake yuko mhandisi mshauri, ambaye hapati jina hilo kwa kutoa ushauri kwenye harusi na misiba. Mafundi sanifu nao wana nafasi yao, na fundi wa VETA ana yake, na hakuna hata mmoja kati yao anayepungukiwa kwa kuitwa kwa jina lake.

Hali inakuwa tata zaidi kwenye utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule au halmashauri inanunua vifaa yenyewe na kuwalipa mafundi wa hapa hapa bila mkandarasi. Naupenda utaratibu huo, fedha inabaki kijijini na darasa linaisha kwa gharama nafuu. Ila ukiondoa mkandarasi umeondoa pia wale wataalamu ambao angelazimika kuwa nao, na macho ya kihandisi yaliyobaki ni ya mhandisi wa halmashauri, ambaye katika wilaya pana kama Liwale au Nanyumbu ana maeneo mengi ya kuzungukia na barabara za masika. Ndipo kamati inapoziba pengo kwa kumpandisha cheo fundi mkuu. Kwa nia njema kabisa, inamwita injinia, inaandika injinia kwenye muhtasari, na kuanzia siku hiyo hakuna anayemtafuta mhandisi mwenyewe.

Kwa hiyo makatibu wa kamati, ombi langu ni dogo. Fundi mkuu mwandikeni fundi mkuu, kwa heshima zote. Kwenye nafasi ya mhandisi liandikwe jina la aliye daftarini, namba yake ya ERB na ngazi yake. Orodha ya bodi iko mtandaoni, kijana yeyote mwenye simu atawasaidia kuitazama. Kijana wetu aliyemaliza chuo mwaka jana mwandikeni mhandisi mhitimu, na pembeni liwepo jina la anayemsimamia. Wenye kampuni wakija na cheti cha CRB, kipokeeni, kipigeni kopi, kisha waulizeni kwa adabu tu: na mhandisi wenu ni nani?