Je, wajua kwa nini mashine ya kupasua mawe ya figo bila kisu inaweza kuumiza mpaka wengu, yaani bandama?

Watu wengi wakiambiwa jiwe la figo litapasuliwa na mawimbi kutoka nje ya mwili wanashusha pumzi, hakuna kisu hakuna mshono. Na kweli wengi wanarudi nyumbani salama, wanakojoa mkojo mwekundu siku moja mbili basi. Ila swali linabaki, kama wimbi lina nguvu ya kusaga jiwe mbona halisagi nyama linayopita?

Sasa fikiria daladala iliyojaa. Wa nyuma akisukuma, msukumo unapita mwili kwa mwili na hakuna anayeanguka, ila yule wa mlangoni, mlango ukiwa wazi, ndo anajikuta nje. Wimbi nalo liko hivyo hivyo, kwenye nyama na maji linateleza tu kwa sababu ni karibu kitu kimoja, likikutana na kitu tofauti kama jiwe ndo linamwaga nguvu zake. Ndo maana mgonjwa wa kwanza kutibiwa hivi, Munich Ujerumani mwaka 1980, aliwekwa ndani ya beseni la maji, siku hizi ni mfuko laini wenye maji, na jeli.

Shida ni kwamba hewa nayo ni kitu tofauti. Wimbi likigusa utumbo wenye gesi au ncha ya pafu linaweza kuchubua, na mara chache sana utumbo umewahi kutoboka. Watoto mapafu yao yako karibu zaidi na figo, kwa hiyo kuna madaktari wanaweka kipande cha foma, kitu chepesi kama sponji, kuyakinga.

Halafu kuna viputo. Kila pigo, na kwa kikao kimoja yanaweza kufika 2,000 au 3,000, linatengeneza viputo vidogo vinavyopasuka kwa nguvu, vinasaidia kulimega jiwe lakini vikitokea ndani ya vimishipa vya damu vinavipasua. Kwa kawaida ni damu kidogo tu, ila kwa mtu mwenye presha isiyotulia au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda inaweza kuvilia kuzunguka figo mpaka aongezewe damu. Usimfiche daktari hizo dawa, hata kama ni aspirini ya kila siku.

Na vipande vya jiwe navyo vina mambo yake, vikipangana kwenye mrija wa kutoka figoni vinaziba njia, Wajerumani wanaita Steinstraße, yaani barabara ya mawe. Kama jiwe lilikuwa limeficha bakteria, mkojo umeziba na homa ya kutetemeka imeanza, hiyo ni dharura ya usiku huo huo, sio ya kusubiri asubuhi.

Wengu je? Uko jirani kabisa na figo ya kushoto, na ukihema figo inapanda na kushuka, kwa hiyo sio kila pigo linapata jiwe. Kupasuka ni nadra mno lakini kumeshatokea, na dalili yake moja ni ya ajabu, bega la kushoto linauma wakati bega halijaguswa na mtu. Kumbe damu iliyovuja inakera kiwambo cha kupumulia, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva ya kiwambo hicho inatokea shingoni, kule kule zinakotokea neva za ngozi ya bega, sasa ubongo unachanganya anwani.