Haki ya ugawaji: maana yake, kuanzia alama za mtihani hadi kiti cha chuo

Neno haki katika Kiswahili limebeba maana mbili. Kuna haki anayodai mtu, "nipe haki yangu", na kuna haki anayotenda mtu, kama tunaposema hakimu ametenda haki. Haki ya ugawaji imo katika hii ya pili. Inauliza hivi: kitu kisipowatosha wote, kigawanywe kwa kipimo gani?

Anayesoma nadharia za haki katika chuo kikuu hapa Uganda hukutana na dhana hii siku ya kwanza, mhadhiri anapoeleza masharti ya kozi. Insha na majaribio ya muhula yana fungu lake la alama, mtihani wa mwisho una fungu kubwa zaidi, na katika vyuo vingi anayepata chini ya 50 kwa 100 hurudia somo. Huo tayari ni ugawaji, na kipimo chake ni stahili: unapata kwa kadiri ya ulichoandika. Hakuna anayeuliza nani aliandika insha huku ana njaa.

Je, ni ukatili? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, angesema la. Kwake, walio sawa wapewe sawa, na wasio sawa wapewe kwa kadiri ya tofauti yao. Kazi ngumu ni kujua ni tofauti ipi ihesabiwe. Alitoa mfano wa filimbi: iliyo bora apewe mpigaji bora, hata kama mwingine amemzidi kwa ukoo au kwa sura. Kusudi la kitu ndilo linaloonyesha kipimo chake. Alama ipo ili ionyeshe mtu ameelewa kiasi gani. Ukimwongezea kwa huruma, umempa namba isiyosema kitu.

Kiti cha chuo, hata hivyo, kina kusudi jingine, na hapa ndipo ubishi unapowaka. Tangu mwaka 1990 msichana anayeomba kujiunga na chuo kikuu cha umma huongezewa pointi 1.5 juu ya zile zinazotokana na matokeo yake ya kidato cha sita. Katiba ya 1995, ibara ya 32, nayo inaitaka serikali iwainue waliobaki nyuma kwa sababu ya jinsia, umri, ulemavu, historia au mila. Wengi huuita mpango huu upendeleo. Mimi naona wanauharakisha mjadala.

John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1971, alitupa njia ya kulipima jambo hili. Jifikirie unatunga kanuni za nchi bila kujua utazaliwa nani: mvulana wa Kampala mwenye maktaba shuleni, au msichana wa Karamoja, eneo kame la kaskazini mashariki, anayechota maji kabla ya kwenda darasani. Ungekubali kanuni gani ukiwa huna hakika? Kwa Rawls, tofauti za kipato na mali zinavumilika pale tu zinapowafaa zaidi walio chini kabisa, tena nafasi ziwe wazi kwa wote kwa usawa wa kweli. Kipimo hicho kinaitetea pointi 1.5 na papo hapo kinaibana, kwa sababu binti wa shule ghali ya mjini anaipata sawasawa na yule wa Karamoja. Nadhani mgawo wa ufadhili wa serikali kwa wilaya, yaani kila wilaya kutengewa nafasi zake za kusomeshwa na serikali, unalikaribia lengo zaidi.

Robert Nozick, mwanafalsafa mwenzake wa Marekani, alimjibu Rawls mwaka 1974. Kwake, usitazame nani ana nini, tazama alikipataje. Kama kilipatikana kwa njia halali, dola haina ruhusa ya kukichukua ili ikigawe upya. Hoja hii ina nguvu, ila inahitaji historia isiyo na dhuluma, na kwetu historia ya namna hiyo ni ngumu kuipata.

Msichana akishaingia chuoni, pointi zile 1.5 haziingii naye kwenye chumba cha mtihani. Karatasi yake inasahihishwa kwa kipimo kilekile anachopimiwa jirani yake wa dawati la pili.