Cadwaladr wa Gwynedd: Tauni Ilimuua Nyumbani, Hadithi Ikamzika Roma

Waliotazama Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 wataikumbuka bendera ya Wales: nyeupe juu, kijani chini, na katikati joka jekundu lililonyanyua mguu mmoja wa mbele. Waelshi wengi watakuambia kuwa hilo ni joka la Cadwaladr, mfalme wao wa karne ya 7. Sisi ambao kazi yetu ni kutunza maandishi ya kale na kuyaeleza kwa umma hukutana sana na watu wa namna hii, ambao majina yao yamevuma kuliko maisha yao. Nimemchagua Cadwaladr kwa sababu kwake tunaweza kuweka kidole mahali hasa ambapo habari za kweli zinaishia na hadithi inaanza.

Cadwaladr ap Cadwallon, maana yake Cadwaladr mwana wa Cadwallon, alitoka katika ukoo uliotawala Gwynedd, kaskazini-magharibi mwa Wales. Makao ya ukoo huo yalikuwa Aberffraw, katika kisiwa cha Anglesey ambacho wenyeji hukiita Ynys Môn. Baba yake alikuwa mtu wa vita. Mwaka 633 aliungana na Penda wa Mercia, ufalme wa katikati ya Uingereza, wakamuua Edwin wa Northumbria, ufalme wa kaskazini, mfalme aliyekuwa na nguvu kuliko wafalme wote wa Waingereza wa siku zile. Mwaka uliofuata Cadwallon naye akauawa na Oswald, mpwa wa Edwin, na kiti cha Gwynedd kikaangukia kwa mtu aliyeitwa Cadafael. Huyu aliacha jina baya. Usiku wa kuamkia vita vya mto Winwaed, mwaka 655, aliamsha jeshi lake akaondoka, na mshirika wake Penda akaachwa apigane bila yeye, akafa. Waelshi wakambandika jina Cadomedd, yaani Mkwepa Vita. Inaelekea ni baada ya aibu hiyo ndipo ufalme uliporudi kwa mwana wa Cadwallon.

Cadwaladr alitawala vipi? Maandishi ya kale yanayomtaja yanaweza kusomwa kwa pumzi moja. Historia ya Wabritoni, yaani wenyeji wa kale wa kisiwa cha Britania ambao Waelshi wametokana nao, iliyokusanywa kwa Kilatini takriban mwaka 829, inasema tauni ilizuka wakati Oswiu akiwa mfalme wa Northumbria, na Cadwaladr akafa kwa tauni hiyo. Oswiu alifariki mwaka 670, na tauni kubwa ya zama zake ni ile ya mwaka 664. Kumbukumbu za miaka za Wales, kwa upande wake, zinaweka kifo hicho mwaka 682, pia kwa tauni. Wasomi wamebishana sana kuhusu miaka hiyo 18 inayopishana. Mimi naona lenye uzito zaidi ni lile ambalo maandishi yote mawili yanakubaliana: mfalme aliuawa na maradhi yaliyoua raia wake. Hakuna lililotaja safari, malaika wala joka.

Sasa turuke hadi karne ya 10. Katika miaka ya 930 hivi, mfalme Æthelstan wa Uingereza alikuwa amewalazimisha wafalme wa Wales kumlipa kodi nzito. Mshairi mmoja wa Kiwelshi ambaye hakuacha jina alitunga Armes Prydein, Utabiri wa Britania, shairi linalochemka kwa hasira dhidi ya watoza kodi wa mfalme huyo. Anaahidi kwamba Waelshi wataungana na Waayalandi, na Waviking wa Dublin, na watu wa Cornwall na wa Brittany iliyo ng'ambo ya bahari, Ufaransa, wawafukuze Wasaksoni, yaani Waingereza, mpaka baharini. Na watakaoongoza vita hivyo ni mashujaa wawili wa zamani watakaorudi: Cynan na Cadwaladr.

Kwa nini achaguliwe Cadwaladr, asichaguliwe baba yake aliyeua mfalme vitani? Nadhani jina lenyewe lilimsaidia, kwa kuwa kwa Kiwelshi cha kale maana yake ni kiongozi wa vita. Tena mtu aliyeanguka vitani ameshaandikiwa ushindi na kushindwa kwake. Aliyechukuliwa na tauni kabla ya kumaliza kazi ya baba yake ameacha deni, na watu wakaendelea kumngoja aje alilipe.

Miaka 200 baadaye akaja Geoffrey wa Monmouth na kitabu chake cha wafalme wa Britania, cha mwaka 1136 hivi, ndicho kilichoeneza habari za mfalme Arthur Ulaya nzima. Kwake Cadwaladr ni mfalme wa mwisho wa Wabritoni. Tauni na njaa vinamkimbiza hadi Brittany kwa mfalme Alan. Anapojiandaa kurudi, sauti ya malaika inamwamuru aende Roma kwa Papa Sergius, na inamwahidi kuwa watu wake watakirudia kisiwa chao siku mifupa yake itakaporudishwa kutoka huko. Anakwenda, na anafia Roma tarehe 20 Aprili 689.

Tarehe hiyo ndiyo iliyomfichua mwandishi. Mtawa Bede, aliyemaliza historia yake ya kanisa mwaka 731, anaeleza habari za Cædwalla, mfalme wa Wessex, ufalme wa Wasaksoni kusini mwa Uingereza, aliyeacha ufalme mwaka 688, akaenda Roma, akabatizwa na Papa Sergius kwa jina la Petro, na akafariki tarehe 20 Aprili 689 akiwa bado katika mavazi meupe ya ubatizo. Papa ni yule yule, mji ni ule ule, siku ni ile ile. Geoffrey alimvua Msaksoni hija yake akamvisha Mwelshi. Na kuchanganya kulikuwa rahisi, kwa sababu Bede anapomtaja Cadwallon, baba wa Cadwaladr, huliandika jina lake sawasawa na la huyo mfalme wa Wessex. Kama Geoffrey alikosea au alikusudia, msomaji aamue. Mimi naona tarehe imenakiliwa kwa uangalifu mno kwa mtu aliyepitiwa tu.

Hata hivyo hadithi hiyo ilifanya kazi ambayo ukweli usingeweza kuifanya. Kwa karne kadhaa washairi wa Wales waliimba habari za mwana wa ahadi atakayerudisha taji. Tarehe 7 Agosti 1485 Henry Tudor, aliyezaliwa katika ngome ya Pembroke, alitua pwani ya Wales akitokea Ufaransa. Alidai kuwa ni wa uzao wa Cadwaladr, na jeshi lake lilibeba bendera ya joka jekundu. Tarehe 22 mwezi huo alimshinda mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza huko Bosworth, kisha akaipeleka bendera yake katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Nyeupe na kijani zilikuwa rangi za ukoo wa Tudor. Bendera ya leo, iliyokubaliwa rasmi mwaka 1959, inatoka huko. Joka lenyewe ni la kale zaidi: katika Historia ya Wabritoni joka jekundu linapigana na jeupe mbele ya Vortigern, mfalme wa Wabritoni, na Cadwaladr hayumo kabisa katika kisa hicho.

Anayetaka kumkaribia Cadwaladr wa kweli aende Llangadwaladr, mwendo mfupi kutoka Aberffraw. Ni kanisa dogo la kijijini lenye jina lake. Ukutani, kwa ndani, limepachikwa jiwe la karne ya 7 lenye msalaba na maneno ya Kilatini: Catamanus rex sapientisimus opinatisimus omnium regum. Yaani: mfalme Cadfan, mwenye hekima na sifa kuliko wafalme wote. Cadfan ni babu yake, na huenda mjukuu ndiye aliyeamuru jiwe lichongwe. Herufi zake bado zinasomeka kwa macho, na katika maneno yote yale jina la Cadwaladr halimo.