5G ya rauta siyo 5G ya mnara

"Bosi, hii rauta ni 5G kabisa." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno kwenye maduka ya simu Kampala, na wateja huibeba hadi nyumbani. Wakiwasha kifaa wanakuta majina mawili ya Wi-Fi, moja limemalizia kwa 5G, na jioni mtaa mzima unajua kwamba kwa fulani 5G imefika.

Haijafika, au kama imefika, si kwa sababu ya jina hilo. 5G ya simu ni kizazi cha tano cha mtandao unaotoka kwenye mnara wa kampuni hadi kwenye laini yako. 5G ya jina la Wi-Fi ni gigahezi 5, masafa ya mawimbi ya redio ambayo rauta huyatumia kuzungumza na simu yako humo humo sebuleni.

Kinachotukoroga ni hiyo herufi G. Ya mnara ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya kizazi. Ya rauta ni giga, yaani bilioni, na baada yake palipaswa kuwa na Hz, kwa heshima ya Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwa majaribio miaka ya 1880 kwamba mawimbi ya redio yapo. Gigahezi 5 ni mitikisiko bilioni 5 kila sekunde. Mtu fulani akamkata mzee Hertz kwenye jina la Wi-Fi, akatuachia G yatima, nasi tukaiozesha kwa kampuni za simu.

Hata umri haulingani. Kiwango cha Wi-Fi ya gigahezi 5, kiitwacho 802.11a, kilitoka mwaka 1999, wakati kampuni ya simu ya MTN ina kama mwaka mmoja tu tangu ianze kazi Uganda na simu ilikuwa ya kupiga na kutuma ujumbe. 5G ya minara ilizinduliwa hapa mwaka 2023. Tena 5G hiyo ya minara wala haikai kwenye gigahezi 5. Masafa yake ya kawaida yako karibu na 3.5. Na kuna tano ya tatu, Wi-Fi 5, jina lililotolewa mwaka 2018 kwa kiwango kingine kabisa, 802.11ac. Hiyo tuiache, maana kuna watu watalia.

Ningenyamaza kama isingekuwa pesa. Mtu anaongeza fedha kwa rauta ya laini akiamini itavuta 5G, kumbe ndani modemu yake, yaani sehemu inayozungumza na mnara, ni ya 4G tu, na mnara wa kwao nao ni wa 4G. Mwingine anang'ang'ania jina lenye 5G akiwa chumba cha nyuma, kuta mbili za matofali katikati, kisha anaitukana kampuni. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi ukiwa karibu, lakini ukutani yanachoka haraka. Gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ingawa huko kuna msongamano: rauta za majirani, Bluetooth, hata maikrowevu. Kwa aliye chumba cha nyuma, jina lisilo na 5G mara nyingi ndilo bora. Na hakuna jina kati ya hayo mawili linaloongeza kasi inayoingia kutoka kwenye mnara.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, sema tu kwamba rauta ina masafa mawili, itauzika vilevile. Nawe uliyekwisha kununua, kama unataka kujua, toa laini kwenye rauta, iweke kwenye simu inayoshika 5G, zima Wi-Fi, washa data. Kitakachoandikwa pale juu, kando ya alama za mtandao, ndicho mnara wa kwenu unachokupa.