Kamongo ni ndugu wa nani? Dhana potofu kuhusu uainishaji wa viumbe

Dhana: Samaki wote ni ukoo mmoja.

Katika ufuo wa Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, mbuta (sangara), ngege (sato) na kamongo huuzwa bega kwa bega, na wote tunawaita samaki. Sokoni hilo linatosha. Uainishaji, hata hivyo, hauangalii kiumbe anaishi wapi wala anafanana na nani. Unatafuta ametoka katika ukoo upi. Kwa kipimo hicho, kamongo (Protopterus aethiopicus) ana undugu wa karibu zaidi na chura, na ng'ombe, na hata wewe unayesoma, kuliko na mbuta.

Ushahidi anao mwilini. Ana mapafu, na akishakua ni lazima apande juu ya maji kuvuta hewa. Akizuiwa chini, hufa. Mapezi yake membamba kama kamba yameshikwa na mfupa mmoja mahali yanapoanzia, kama mkono wako ulivyoshikwa begani. Mapezi ya mbuta hayana mpangilio huo. Vipimo vya DNA vimeonyesha undugu huohuo: babu wa pamoja wa kamongo na wanyama wa miguu minne aliishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na babu anayewaunganisha hao wote na mbuta ni wa kale zaidi.

Wapo wanaomkataa kamongo mezani wakisema ni nyoka. Si nyoka. Lakini kiukoo yuko karibu na nyoka kuliko alivyo karibu na mbuta, na kwangu huo ni mmoja wa ukweli wa ajabu kabisa wa ziwa letu.

Dhana: Wenye jina la pili moja ni ndugu.

Mbuta ni Lates niloticus. Ngege anayejaa sokoni siku hizi ni Oreochromis niloticus. Undugu husomwa katika jina la kwanza, yaani jenasi, kundi la spishi za ukoo wa karibu. Hilo "niloticus" linataja mto Naili tu. Mtindo huu wa majina mawili uliimarishwa na Carl Linnaeus wa Sweden, na majina ya wanyama huanza kuhesabiwa kutoka kitabu chake cha mwaka 1758.

Dhana: Wataalamu hubadilisha majina ovyo.

Gugumaji linaloziba Ghuba ya Winam ya ziwa letu lilipewa jina Pontederia crassipes mwaka 1823. Baadaye likahamishiwa jenasi ya Eichhornia, na wengi wetu tulisomeshwa hivyo shuleni. DNA ilipochunguzwa, likarudishwa Pontederia. Jina jipya ni dai kuhusu ukoo, na dai hilo linaweza kupimwa na mtu mwingine.

Dhana: Flamingo wa Nakuru ni jamaa wa korongo, kwa kuwa wote wana miguu mirefu.

Jamaa zake wa karibu ni vibisi, wale ndege wadogo wa kupiga mbizi.

Dhana: Fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, ni fulu tu.

Hii ndiyo inayoniuma. Chini ya jina hilo moja Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya spishi: wanaokula konokono, wanaokula mwani, wanaokula samaki wenzao, kila mmoja na meno ya kazi yake. Karibu zote zilichipuka katika muda wa miaka 15,000 hivi, tangu ziwa lilipokauka na kujaa tena. Muda huo ni mfupi mno kwa spishi nyingi kiasi hicho. Mbuta aliletwa miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 akaongezeka kupita kiasi huku maji yakizidi kuchafuka, na fulu wengi wakatoweka, wengine kabla hawajapewa jina rasmi. Spishi isiyo na jina haina anayeihesabu inapopungua.

Ndiyo maana vijiziwa kama Kanyaboli, kule Siaya, vina thamani kubwa. Humo bado wamo fulu, pamoja na ngege wa asili, Oreochromis esculentus, ambaye katika ziwa kubwa amekaribia kwisha.