Anayesafishwa damu aangaliwe na miguu

Mgonjwa wa figo hukaa kwenye kiti cha dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine) karibu saa nne, mara nyingi siku tatu kwa wiki. Muda wote huo sisi wahudumu tunaangalia mashine na mkono wenye sindano. Miguu imefunikwa blanketi. Siku soksi inapovuliwa, wakati mwingine kidole kimeshaanza kuwa cheusi kwa kukosa damu.

Ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini, huziba kwa mtu yeyote kutokana na kisukari, sigara, presha, lehemu (kolesteroli) na umri. Anayesafishwa damu mara nyingi anayo kadhaa ya hayo, na juu yake ana tatizo la fosfeti, madini yaliyomo kwenye chakula. Figo zikishindwa kazi, fosfeti ya kwenye chakula hukosa pa kutokea, na mashine huondoa sehemu yake tu. Ikizidi kwenye damu, chembe za misuli zilizo ndani ya ukuta wa ateri hubadilika, zikaanza kufanya kazi kama chembe za mfupa na kujaza chokaa (kalsiamu). Mshipa uliokuwa ukinyumbuka unakakamaa. Wala si ugonjwa wa wazee pekee: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliikuta chokaa hiyo kwenye ateri za moyo za vijana wengi wa miaka 20 hadi 30 waliokuwa kwenye dialisisi.

Ndiyo maana tunasisitiza vidonge vya kuzuia fosfeti vimezwe pamoja na chakula. Kazi yake ni kuinasa fosfeti tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Ukivimeza saa mbili baada ya kula, umechelewa. Punguza pia vyakula vya kusindikwa, kwani fosfeti inayoongezwa kiwandani hufyonzwa kirahisi kuliko ile ya asili.

Miaka mingi kwenye mashine, maji kujaa mwilini na uchochezi (uvimbe wa ndani ya mwili) wa muda mrefu navyo huongeza hatari. Kama ulikuwa ukitumia dawa za lehemu kabla ya dialisisi, usiziache bila kumuuliza daktari.

Shida ni kwamba ugonjwa huu wa ateri za miguu kuziba hujificha. Dalili inayojulikana ni shavu la mguu kuuma ukitembea na kutulia ukipumzika, lakini wagonjwa wetu wengi hutembea kidogo, na wenye kisukari miguu yao ina ganzi. Hata kipimo kinaweza kudanganya. Tunagawanya presha ya kifundo cha mguu kwa ya mkono. Jibu likiwa 0.9 au chini, ateri ina kizuizi. Ila mshipa wenye chokaa haubanwi vizuri na mkanda wa kupimia presha, hivyo jibu linaweza kuonekana la kawaida au kupita 1.4 ilhali damu haifiki vidoleni. Hapo tunapima presha ya kidole gumba cha mguu.

Siku ya dialisisi, kabla blanketi halijawekwa, mwombe muuguzi aangalie nyayo zako na katikati ya vidole. Mguu mmoja ukiwa wa baridi kuliko mwenzake, rangi ikibadilika, au ukiona kidonda hata kidogo kama punje ya mchele, sema siku hiyo hiyo.